Kila kitu anataka mwenyewe

Swali: Binti yangu ametimiza miaka mitatu. Bibi yake wa Mamba Miamba kamletea gauni. Kalikataa, anataka gambuti za shamba la tangawizi. Nimwadhibu?
Baba, Same mjini

Jibu: Hongera, baba, na usimwadhibu. Mwaka 1956 madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza kufuatilia watoto New York, wakaona hulka hutofautiana tangu uchanga: kuna mwepesi wa kuzoea, kuna mkali, kuna anayechelewa kuchangamka. Walisisitiza malezi yaendane na hulka hiyo. Mpe achague kati ya vitu viwili: gauni kwa gambuti, au gauni kwa ndala. (Mimi ningempiga picha na gambuti.) Ila kwenye jiko la moto na barabara kuu ya Arusha hakuna kuchagua, mshike mkono hata akilia.