Diski Iliyookolewa na Kukatika kwa Umeme

Somo la robo hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la mabenki na makampuni makubwa, yaani virusi vya fidia. Virusi hivi huingia kwenye kompyuta, hufunga mafaili yote kwa ufunguo wa siri, kisha huacha ujumbe kwenye skrini: lipa fedha, mara nyingi kwa sarafu ya mtandaoni kama bitcoin, ndipo upewe ufunguo. Kompyuta inabaki mezani kwako, lakini kazi iliyomo imetekwa.

Miaka michache iliyopita jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Jumatatu asubuhi mhasibu wetu aliniita: “Mratibu, mafaili yamebadilika majina na hayafunguki.” Alikuwa amefungua kiambatanisho cha barua pepe kilichoandikwa “ankara”. Kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na folda ya pamoja ya ofisi, hivyo hadi saa tano orodha ya watoto tunaowalipia ada na hesabu za vikundi vya VICOBA zilikuwa zimefungwa pia. Nakala tulikuwa nayo, kwenye diski ya nje iliyochomekwa katika kompyuta ile ile tangu Januari. Nayo ilifungwa. Hatukulipa. Tuliomba madaftari ya makatibu wa vikundi tukaandika upya kwa wiki sita, na bado hesabu za miezi mitatu hazikukamilika. Niliyeagiza diski iachwe pale ili isipotee ni mimi.

Kosa kama letu limewahi kufanywa na wakubwa. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kilianzia nchini Ukraine, kupitia programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc, ambayo masasisho yake yalikuwa yamechezewa na wahalifu. Kikaifikia Maersk, kampuni ya meli za makontena yenye makao Denmark. Kampuni ililazimika kuweka programu upya katika seva 4,000 na kompyuta 45,000. Ujumbe wa kudai fidia ulikuwepo, lakini hata aliyelipa asingepata mafaili yake, kwa maana kirusi kile kilitengenezwa kuharibu.

Maersk walikuwa na nakala za seva nyingi. Tatizo lilikuwa kwenye seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, ambazo bila hizo mtandao wote haufanyi kazi. Zilikuwa kama 150, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiwa akiba ya mwenzake. Ziliharibika kwa pamoja. Ikabaki moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na seva ile ikawa nje ya mtandao. (Sisi tuliozoea kunung’unikia kukatika kwa umeme tulicheka sana tuliposikia.) Intaneti ya pale ilikuwa na kasi ndogo mno kwa kutuma data hiyo Uingereza, walikokuwa mafundi, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya huko. Basi mmoja wao alisafiri hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski kwenye uwanja wa ndege, naye akapanda ndege kwenda London.

Tazama basi tofauti kati ya seva ile na diski yetu. Diski yetu ilikuwa nzima na mpya, lakini kirusi hufika kila mahali ambapo kompyuta yenyewe inafika. Nakala iliyochomekwa muda wote ni chumba kingine cha nyumba ile ile inayoungua.

Siku hizi tuna diski mbili. Kila Ijumaa alasiri moja huchomekwa, hunakiliwa, huchomolewa na kufungiwa kabatini. Nyingine hukaa ofisi ya jimbo, na hubadilishana kila mwezi. Zote zina neno la siri, maana majina ya watoto yamo humo, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Gharama yake haikufika hata ya semina moja ya siku mbili.

Masasisho nayo yasiahirishwe. Kirusi cha WannaCry kilipovuruga hospitali za Uingereza tarehe 12 Mei 2017, Microsoft walikuwa wametoa dawa ya tundu lile tangu tarehe 14 Machi. Wenye kompyuta za msaada wajue kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mhasibu naye asifanye kazi za kila siku kwa akaunti yenye mamlaka yote ya kompyuta, na ankara asiyoitegemea aiulizie kwa simu kabla ya kuifungua.

Ikitokea mafaili yamefungwa, chomoa waya wa mtandao na kuzima Wi-Fi mara moja. Usichomeke diski ya akiba kwa haraka ya kutaka kuokoa. Utaipoteza na yenyewe. Kabla ya kufikiria kulipa, mtaalamu wako aangalie mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni ya usalama wa kompyuta. Hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi.

Zoezi la ofisi: chukueni nakala yenu ya mwisho, ichomekeni kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, mfungue mafaili kumi yoyote mkiwa pamoja, mhasibu akiwepo. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza, mawili hayakufunguka.