Kubadilisha Pini ya Bunduki Nyumbani

Swali: Mkazi wa Kisauni, Mombasa, mwenye leseni ya bunduki anauliza iwapo aibadilishe mwenyewe pini ya kifyatulio iliyolegea.

Jibu: Pini hiyo, yaani kijiti cha chuma kinachoshikilia kifyatulio mahali pake, ikipwaya au ikibadilishwa kwa msumari wa kawaida, bunduki inaweza kufyatuka pasipo kukusudiwa, hata kwa kuanguka tu. Kwa hiyo mmiliki aelekeze mtutu pasipo mtu, aondoe magazini, yaani kasha la risasi, akague chemba, ambayo ni sehemu ya mtutu inapokaa risasi, kisha aipeleke kwa fundi aliyesajiliwa, kwa kuwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka kila anayefanya biashara ya kukarabati silaha asajiliwe. Kazi hii haifai kufanyiwa nyumbani.