VITA VYA MLIMA RUWENZORI



Jioni moja katika darasa la kisomo hapa Mabogini tulisoma habari fupi juu ya vita vya mashariki ya Kongo. Tulipomaliza, mama mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono. Akauliza: "Mwalimu, kila mwaka tunasikia majeshi yamewapiga waasi wa huko. Mwaka unaofuata tunasikia waasi wameua watu tena. Mbona hawaishi?"

Nilijibu kwamba huko kuna misitu mingi. Jibu hilo halikumtosha mama yule, na mimi pia halikunitosha. Jua lilikuwa limezama, tukaagana. Swali lake nilikwenda nalo nyumbani. Somo hili ni jibu ambalo ningempa jioni ile kama ningekuwa nalo.

Mlima wenyewe

Sisi wa Mabogini tunaishi tambarare, lakini maisha yetu yanatoka mlimani. Maji yanayoingia katika majaruba yetu ya mpunga yanatoka Kilimanjaro. Wengi wetu tuna ndugu huko juu, kwenye kahawa na migomba. Tunajua pia kwamba mlima wetu uko mpakani. Ukifika Rombo, Kenya iko karibu, na koo nyingi zina watu pande zote mbili.

Mlima Ruwenzori nao uko mpakani. Upande wa mashariki ni Uganda. Upande wa magharibi ni Kongo. Kilele chake cha juu kina urefu wa meta 5,109, na katika Afrika ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayouzidi. Una theluji kama wetu. Lakini Kilimanjaro umesimama peke yake, na Ruwenzori ni safu ya milima yenye urefu wa karibu kilomita 120. Hiyo ni zaidi ya safari ya kutoka Moshi mpaka Arusha. Mvua ni nyingi, mabonde ni marefu, na ukungu hukaa siku nzima. Chini yake, upande wa Kongo, unapita mto Semuliki, na baada ya mto ni msitu mkubwa.

Watu wanaolima miteremko ya mlima huo upande wa Uganda wanaitwa Wakonzo. Wanalima kahawa, migomba na mihogo. Ndugu zao walio upande wa Kongo wanaitwa Wanande. Lugha zao ni karibu moja. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mpaka upite juu ya mlima, na wenye mlima hawakuulizwa. Tangu hapo mtu aliyekwenda kumwona shangazi yake alikuwa anavuka nchi.

Uasi wa kwanza

Mwasi ni mtu anayekataa kutii serikali na kuchukua silaha kupigana nayo. Watu hawaamki asubuhi moja wakawa waasi. Kwanza huwa kuna jambo linalowauma.

Jambo lililowauma Wakonzo na majirani zao Waamba lilikuwa hili. Serikali ya Waingereza iliwaweka chini ya mfalme wa Toro. Watoro walikuwa ndio machifu, ndio makarani, ndio wakusanya kodi. Watoto wa Wakonzo walifundishwa kwa lugha ya Kitoro. Shule zilikuwa chache. Wazee watatu wa Kikonzo walioongoza watu kupinga mambo hayo walinyongwa mwaka 1921. Majina yao ni Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, na huko mlimani hayajasahauliwa.

Mwaka 1962 Uganda ilikuwa inakaribia uhuru. Wajumbe wa Wakonzo na Waamba waliomba wapewe wilaya yao. Sikiliza vizuri, ndugu msomaji: hawakuomba nchi, waliomba wilaya. Walikataliwa. Ndipo Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu wa shule, akapanda mlimani na watu wake, wakatangaza serikali yao. Wakaiita Rwenzururu. Silaha zao nyingi zilikuwa mikuki. Walikusanya kodi na kuendesha shule zao, na askari wa serikali walipopanda mlima wao walipotelea katika ukungu au wakavuka kwenda Kongo.

Mukirane alifariki mwaka 1966. Mwanawe Charles Mumbere, aliyekuwa bado mtoto, akarithi nafasi yake. Vita viliendelea miaka 20 tangu vilipoanza, na vilikwisha kwa mazungumzo. Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin ilikuwa imekwisha kuwapa wilaya mbili, ile ile haja ya mwaka 1962. Mwezi wa Agosti 1982 Mumbere alikubaliana na serikali ya Milton Obote. Akashuka mlimani na watu wake, wakakabidhi silaha. Baadaye alikwenda Marekani, akafanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilimtambua kuwa mfalme wa Rwenzururu.

Mambo hayakukaa shwari moja kwa moja. Novemba 2016 askari walishambulia nyumba ya mfalme huyo mjini Kasese, na zaidi ya watu 100 walikufa. Hata hivyo, hesabu ya mazungumzo ya 1982 haipotei. Kizazi kizima cha watoto wa mlimani kilikua bila kukimbia bunduki za Rwenzururu.

Uasi wa pili

Uasi wa pili ni ule ambao mama yule aliuliza. Huu haukuzaliwa mlimani. Ulikuja na wageni.

Katika miaka ya 1990 kulikuwa na ugomvi kati ya vikundi vya Waislamu mjini Kampala. Vijana kadhaa walifungwa. Walipotoka, baadhi yao walijiunga na Jamil Mukulu, wakakimbilia magharibi. Walivuka mpaka wakaingia Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Huko wakakuta mabaki ya waasi wengine wa mlimani walioanza mwaka 1988. Wakaungana. Kundi lao likaitwa ADF.

Tarehe 13 Novemba 1996 walishambulia Mpondwe, mji mdogo wa mpakani chini ya Ruwenzori. Kisha wakakaa mlimani wakishuka usiku. Tarehe 8 Juni 1998 waliingia katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakachoma moto mabweni. Wanafunzi wapatao 80 walikufa. Huko Bundibugyo wakulima walihama vijiji vyao na kuishi katika kambi. Kahawa iliiva ikaanguka chini, maana mchumaji alijua kwamba akipanda shambani huenda asirudi. Wewe uliyewahi kuona mpunga umeiva na ndege wanaula kwa kukosa mtu wa kuwafukuza, unaweza kuielewa hasara hiyo. Tofauti ni kwamba pale hasara ilirudi mwaka hadi mwaka.

Kuanzia mwaka 1999 jeshi la Uganda lilipanda mlima kwa nguvu. Waasi walipigwa kweli kweli, na baada ya miaka michache watu wa Bundibugyo walirudi makwao. Uganda ikapumua.

Lakini waasi waliobaki walikwenda wapi? Walivuka tu. Waliingia msitu wa Beni, upande wa Kongo. Huko walilima, wakaoa, wakafanya biashara ya mbao na dhahabu. Serikali ya Kongo ilikuwa mbali na ilikuwa na vita vingine vingi. Moto uliozimwa upande mmoja wa mlima ukawa makaa upande wa pili.

Makaa hayo yaliwaka tena. Januari 2014 jeshi la Kongo liliwashambulia katika kambi zao za msituni. Tangu Oktoba mwaka huo mauaji ya raia yalianza katika vijiji vya Beni. Watu waliuawa kwa mapanga, wake kwa waume, wazee na watoto. Si mauaji yote yaliyokuwa ya ADF peke yao. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba hata baadhi ya maofisa wa jeshi walikuwa na mkono katika baadhi ya mauaji. Mwanakijiji anapoambiwa hivyo, atamkimbilia nani?

Wengi wa wanaouawa ni wakulima, wakiwamo wa kakao. Kakao ina bei nzuri, na msimu wa mavuno ndio msimu wa hofu. Mkulima aliyekimbia, mavuno yake huchumwa na mwingine. Kwa hiyo wako watu wanaoshiba kwa sababu ya vita, na hao hawana haraka ya kuona vinakwisha.

Ugonjwa wa Ebola ulipoingia Beni mwaka 2018, wauguzi walishindwa kufika vijiji vingine kwa sababu ya hatari ya njiani. Ugonjwa ulidumu mpaka Juni 2020, na uliua watu zaidi ya 2,200.

Watu wetu waliokufa huko

Usifikiri kwamba habari hii haituhusu. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha kupambana na waasi wa mashariki ya Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, waasi walivamia kambi ya askari wetu karibu na mto Semuliki. Mapigano yalikwenda kwa saa nyingi usiku ule. Walinda amani 15 wa Tanzania walikufa, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Walikuwa vijana wa nchi hii, waliokwenda kulinda wakulima wasiowajua.

Tena, Jamil Mukulu mwenyewe alikamatwa hapa hapa Tanzania mwaka 2015, akapelekwa Uganda kushtakiwa. Watu wengi walidhani sasa yamekwisha. Hayakuisha. Musa Baluku alishika uongozi, na kundi likajiunga na wale wanaojiita Dola la Kiislamu, ambao walianza kujitangazia mashambulizi yake mwaka 2019. Novemba 2021 mabomu yalilipuka Kampala. Mwisho wa mwezi huo jeshi la Uganda liliingia Kongo kupigana pamoja na jeshi la Kongo. Juni 2023 waasi walivuka tena mpaka ule ule wa Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40 katika shule ya sekondari, wengi wao wanafunzi. Julai 2025 waliua watu zaidi ya 40 huko Komanda, wengi wao waumini waliokuwa katika mkesha kanisani.

Wengine husema hii ni vita ya Waislamu na Wakristo. Mimi sikubali. Mei 2021 sheikh mmoja wa Beni, aliyekuwa akihubiri dhidi ya mauaji, alipigwa risasi akiwa msikitini. Waasi hawakumwuliza dini.

Jibu kwa mama

Basi, mama, mbona hawaishi? Wanaficha miili yao mlimani na msituni, hilo ni kweli. Lakini Rwenzururu nao walijificha katika mlima ule ule, na vita vyao vilikwisha. Vilikwisha kwa sababu walikuwa na haja inayotajika: wilaya, shule, heshima ya lugha yao. Mtu mwenye haja unaweza kukaa naye mkazungumza. ADF walitoka kwenye ugomvi wa mbali, wakakuta mahali ambapo serikali haipo, mpaka hauna mlinzi, na mazao yana bei. Bunduki huwasogeza. Mahali penyewe hubaki palepale, wazi.

Na wanapata wapi watu wapya? Wengine huwateka. Wengine huwadanganya. Wachunguzi wamekuta vijana kutoka Uganda, Burundi, Kenya na Tanzania walioahidiwa kazi au masomo. Kijana hulipiwa nauli, huambiwa asimwage siri nyumbani, hupokewa na mtu asiyemjua, na simu yake huchukuliwa. Anapogundua kwamba hakuna kazi, yuko msituni, na anayejaribu kutoroka huweza kuuawa.

Hapo ndipo kijiji chetu kinapoguswa. Vijana wetu wanatafuta kazi, na shamba la mpunga haliwatoshi wote. Akija mtu na kazi nzuri ya mbali, muulize jina la mwajiri. Muulize kazi iko mji gani. Omba mkataba ulioandikwa, na usome mwenyewe, maana sasa unajua kusoma. Akisema jambo hili lisifike kwa wazazi wala kwa mwenyekiti wa kitongoji, basi lifikishe siku ile ile.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Wakonzo waliomba nini mwaka 1962? Je, wangekubaliwa, unadhani wangepanda mlimani?

2. Kwa nini uasi wa kwanza uliweza kwisha kwa mazungumzo, na wa pili haujakwisha?

3. Kama ndugu yako yuko upande wa pili wa mpaka, mpaka unakusaidia nini, na unakuzuia nini?

4. Mkulima wa kakao wa Beni amerudi shambani baada ya kukimbia, akakuta mavuno yamechumwa. Afanye nini? Msikubaliane haraka.

5. Zoezi la kuandika: kijana wa jirani amekuambia ameahidiwa kazi nje ya nchi, lakini hajui jina la mwajiri. Mwandikie barua ya mistari kumi.