Hesabu Pointi Zako Upya, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Mwankoko, hongera kwa kumaliza kidato cha sita, na pole kwa maneno uliyoyasikia tangu matokeo yatoke. Umesoma tahasusi ya HGL, umepata Daraja la Tatu pointi 14, unataka saikolojia, na jirani amekwambia kwa pointi hizo chuo kikuu usahau. Jirani amechanganya hesabu mbili.

Baraza la Mitihani, NECTA, wakipanga madaraja, A ni 1, E ni 5, S ni 6. Pointi zikipungua, ufaulu unapanda. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wanahesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, tena kwa masomo mawili tu yanayotakiwa na kozi unayoomba. Kima cha chini cha shahada ni pointi 4. Sasa angalia. Mwenye C, E na S ana 14 za NECTA. Mwenye D, E na E naye ana 14. Kwa TCU wa kwanza ana 4, wa pili ana 3. Mmoja anaomba shahada mwaka huu, mwenzake hawezi, na daraja lao ni lilelile! Wewe umenitajia daraja, hukunitajia alama. Chukua karatasi uziandike, na General Studies usiiweke.

Ukipata 4, soma mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, sharti la kila kozi. Kwetu saikolojia ya shahada ya kwanza mara nyingi iko upande wa elimu, kama ile Shahada ya Elimu katika Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Inakuandaa kuwa mwalimu aliyebobea katika saikolojia. Kama ndoto yako ni kutibu wagonjwa pale hospitali ya Mirembe, Dodoma, mbele yako kuna pia shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, ambayo chuo kikuu cha Muhimbili, MUHAS, wanayo. Ni safari ndefu, nataka uijue kabla hujaianza. Tena 4 inakuruhusu kuomba tu. Waombaji wakiwa wengi, wenye alama za juu hutangulia. Usijaze vyuo vyenye majina makubwa peke yake.

Ukiwa na 3, nisikilize vizuri zaidi, kwa sababu hapa ndipo wasichana wengi wanakata tamaa bure. Omba stashahada ya ustawi wa jamii. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa aliyetoka kidato cha sita, kwa kawaida ni miaka miwili, na ukimaliza na GPA ya 3.0, ukiwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, unaomba shahada. Mimi naipenda njia hii kuliko kurudia mtihani, maana kuna mazoezi kwa vitendo: utakaa na mama aliyetelekezwa, na mtoto asiye na pa kulala, ujue mapema kama moyo wako unaiweza kazi ya kubeba huzuni za watu. Na kama nyumbani hawawezi kukupeleka mbali, Chuo Kikuu Huria wana kituo Singida mjini. Ulizia programu yao ya msingi ya kujiandaa na shahada.

Umeniambia baba anataka kuuza magunia ya alizeti amlipe mtu atakayekutafutia nafasi. Mwambie kwa adabu: baba, tangu 2017 maombi tunatuma wenyewe moja kwa moja chuoni. Fedha hiyo ilipe ada ya maombi na uhakiki wa cheti chako cha kuzaliwa RITA, maana Bodi ya Mikopo wataudai. Kwenye fomu jaza namba ya simu yako mwenyewe, si ya kijana wa stesheneri. Ukichaguliwa na vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha kimoja itatumwa kwa simu hiyo, na siku za kuthibitisha huwa chache.