Mtoto Aitwe Nani? Somo Kutoka Butiama



Leo tujifunze jambo linaloonekana dogo lakini linagombanisha koo: jina la mtoto. Wengi wetu tumeanza kuitwa baba na mama, wengine wajomba na mashangazi. Mtoto akizaliwa tu, kikao kinaanza. Bibi ana jina la marehemu, baba analo la mchezaji mpira, mama ameokota lake kwenye tamthilia. Mimi naishi Butiama, na hapa kijijini tunaye mwalimu mzuri wa somo hili.

1. Mvua na maji ya ubatizo

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa hapa tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwanza aliitwa Mugendi, yaani mwenye kutembea, kisha akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, naye alibeba jina la tukio: nyerere ni viwavi, na alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba. Kumbe wazee wetu waliandika kalenda yao kwenye majina ya watoto! Ndiyo maana Mara imejaa akina Wambura, watoto wa mvua.

Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, Kambarage alibatizwa misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akawa Julius. Ila Kambarage hakulitupa. Majina yote mawili alikwenda nayo Edinburgh na Ikulu, na ndiyo yaliyoandikwa Kanisa lilipomtambua kuwa Mtumishi wa Mungu mwaka 2005.

2. Kanisa linataka nini hasa?

Bado kuna wanaodhani jina la asili ni la kipagani, eti halifai kutajwa kisimani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawaambia wazazi, wasimamizi na paroko wasiruhusu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Basi. Katekisimu namba 2156 inafundisha kwamba jina laweza kuwa la mtakatifu, au la fumbo au fadhila ya Kikristo. Kwa hiyo Neema, Imani na Tumaini yamo.

Hata hivyo tusilichukulie jina la mtakatifu kama mapambo. Unampa mtoto mwombezi na rafiki wa kumuiga maisha yake yote.

Na hapa tuelewane. Kurithi jina la babu ni heshima, hakuna ubaya. Lakini mtoto akilia usiku, mkaenda kwa mganga kuuliza ni marehemu yupi anadai jina, hapo mmeondoka kwenye heshima na kuingia kwenye hofu. Amri ya kwanza ya Mungu inahusika. Mtoto anayelia apelekwe zahanati.

3. Jina lisiwe jeraha

Kigangoni kwetu dada mmoja alijifungua baada ya mwanaume kuikana mimba. Akataka mtoto aitwe Mateso. Tulipomuuliza akajibu, "Si ndicho nilichopata?" Hakuna aliyekuwa na la kusema.

Katekista wetu, mama mtu mzima, hakumkemea. Alimsomea Mwanzo 35. Raheli, akifa kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akambadilishia: Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Yakobo naye alikuwa mfiwa siku ileile, ila hakutaka mtoto aubebe msiba ule kila anapoitwa. Kisha mama akamuuliza dada yetu, "Mwanangu, haya mateso ni yako au ni ya mtoto?"

Alikaa kimya wiki mbili. Siku ya kuandikisha alikuja na jina Josephine, na la pili la bibi yake aliyemlea.

Josephine ni nani? Ni Mtakatifu Josephine Bakhita wa Sudani. Waliomteka utotoni ndio waliomwita Bakhita, mwenye bahati, na kwa vitisho alivyopata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Alibatizwa mwaka 1890, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu kwa jina hilohilo la watekaji. Kwa hiyo wewe unayeitwa Shida, Tabu au Mateso, usione haya. Mungu anakuita kwa jina lako, na anaweza kulitakasa. Ila ukiwa wewe ndiye unayechagua, chagua baraka.

4. Kabla ya kwenda parokiani

- Salini pamoja, baba na mama, kabla ya kikao cha ukoo.
- Wasikilizeni wazee, ulizeni maana ya kila jina. Lakini kumbukeni Luka 1: majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria, Elizabeti akashikilia Yohane.
- Someni maisha ya mtakatifu mliyemchagua, mjue sikukuu yake.
- Andikeni jina kwa herufi zilezile kwenye cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo. Zikitofautiana, usumbufu utamfuata hadi siku ya ndoa.

Maswali ya kutafakari

1. Nani alinipa jina langu, na kwa nini?
2. Je, ninamfahamu somo wangu, au ninamtumia kwenye vyeti tu?
3. Kuna mtu ninayemwita kwa jina la kumdhalilisha?

Tusali

Ee Baba, ulitujua kabla hatujapewa majina. Wajalie wazazi vijana hekima na amani ndani ya nyumba zao. Kila mtoto akiitwa, asikie kwamba anapendwa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.