Kabla ya Kupigwa Eksirei, Uliza!

Tuseme umeanguka kwenye mechi, mkono umevimba, na daktari anasema ukapige eksirei. Je, uogope? La hasha! Ila kuna mambo unapaswa kuyajua.

Eksirei ni nini?
Ni mionzi isiyoonekana inayopenya mwilini. Mifupa huizuia kuliko nyama, ndiyo maana kwenye picha huonekana myeupe. Wilhelm Röntgen aliigundua huko Ujerumani mwaka 1895. Mwanzoni watu hawakujua hatari yake. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, alikuwa akiijaribu kwa mikono yake mwenyewe. Ngozi iliungua, akapata saratani, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki.

Je, picha moja inadhuru?
Kila siku tunapata mionzi kidogo kutoka ardhini na angani. Picha ya jino moja ni sawa na mionzi hiyo ya siku moja hivi. Ya kifua, siku 10 hivi. Lakini siti skani ya tumbo, karibu miaka 3! Hatari ya picha moja ni ndogo. Hata hivyo mionzi huweza kuharibu seli za mwili, na saratani ikajitokeza miaka mingi baadaye. Watoto na vijana hudhurika kwa urahisi kuliko wazee. Kwa hiyo: hakuna picha bila sababu.

Ufanye nini?
1. Uliza: "Daktari, picha hii itasaidia nini katika matibabu yangu?" Huo siyo utovu wa adabu, ni haki yako.
2. Tunza picha zako za zamani, uende nazo. Huenda usihitaji nyingine.
3. Uliza kama ultrasaundi itatosha. Yenyewe haitumii mionzi hiyo.
4. Tulia tuli. Ukitikisika, picha inaharibika na unapigwa tena.
5. Rafiki aliyekusindikiza angoje nje.

Dada, hili ni lako
Hedhi imechelewa? Mwambie mhudumu kabla hujapigwa. Najua, shangazi yuko pembeni na unaona aibu. Basi omba mzungumze faragha. Mwaka 1956 Dkt. Alice Stewart wa Uingereza alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei wakiwa wajawazito walipata saratani zaidi. Kuwa na mimba hakukunyimi matibabu: picha ya mkono au jino mionzi yake haifiki tumboni kwa kiasi cha kutisha. Ila wahudumu lazima wajue ili waamue vizuri.

Kumbuka
Usikatae picha unayoihitaji. Mfupa uliovunjika ukiachwa hivi hivi huunga vibaya, na kifua kikuu kisipogunduliwa huua. Uliza, ukishaelewa sababu, ingia bila woga.

Jadilini darasani: Kwa nini wengi wetu tunaogopa kumuuliza daktari maswali?