UKURASA WA ELIMU: Uso Unaoijibu Hewa

Washa koili ya mbu jioni katika chumba kisicho na upepo, kisha utazame moshi wake. Kwanza unapanda wima, mwembamba kama uzi. Ukifika kimo fulani uzi huo unaanza kuyumba, unajikunja mara moja au mbili, halafu unavurugika na kutawanyika. Hakuna aliyeupuliza. Hewa yenyewe imetoka kwenye mtiririko tulivu na kuingia kwenye mtiririko wa msukosuko.

Mwaka 1883, jijini Manchester, Osborne Reynolds alionyesha jambo hilo hilo kwa kutiririsha rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo. Maji yakienda polepole, rangi ilibaki mstari mmoja ulionyooka. Alipoongeza kasi, mstari ulikatika na rangi ikajaa bomba lote. Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakiuliza kama msukosuko huo unaweza kucheleweshwa, na baadhi ya wanafunzi wa shahada ya uzamifu leo wanatumia miaka yao yote ya masomo kulitafutia swali hilo jibu jipya: badala ya kubadilisha umbo la ndege, wabadilishe nyenzo iliyo chini ya ngozi yake.

Mkazi wa kaunti anaweza kuuliza linamhusu nini. Maua yanayokatwa Naivasha hupelekwa Ulaya kwa ndege, na bei ya mafuta imo ndani ya nauli ya mzigo huo. Ndege ya abiria inapokuwa angani kwa mwendo wake wa kawaida, karibu nusu ya ukinzani inaoupata hutokana na hewa kusugua uso wake. Hewa iliyo tulivu husugua kidogo. Ikishavurugika, msuguano huongezeka mara kadhaa, na sehemu kubwa ya uso wa ndege imefunikwa na hewa iliyovurugika.

Msukosuko hauanzi ghafla. Ndani ya tabaka jembamba la hewa linalogusa uso, tabaka ambalo Mjerumani Ludwig Prandtl alilieleza mwaka 1904, huzaliwa mawimbi madogo sana. Yanaposafiri kuelekea nyuma ya bawa, yanakua hadi yanavunjika. Yanaitwa mawimbi ya Tollmien na Schlichting, kwa majina ya wanasayansi wawili walioyatabiri kwa hesabu kabla hayajawahi kupimwa. Anayetaka kuchelewesha msukosuko, basi, lazima ayawahi mawimbi hayo yakiwa bado machanga.

Wa kwanza kujaribu kuyawahi kwa kutumia nyenzo alivutiwa na pomboo. Katika miaka ya 1950 Max Kramer, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitengeneza ngozi ya mpira laini akiamini kwamba ngozi ya pomboo hunyonya mawimbi hayo. Alitangaza kwamba ukinzani ulipungua kwa zaidi ya nusu. Wengine waliporudia jaribio hawakupata matokeo yake, na kwa miaka mingi wazo hilo lilitazamwa kwa shaka. Hesabu za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba ngozi laini inaweza kweli kuchelewesha msukosuko ndani ya maji. Kramer hakuwa amekosea kabisa.

Njia nyingine ilitoka kwa papa. Magamba yake yana mifereji midogo inayoelekea upande ule ule ambao maji yanatiririka. Watafiti wa NASA walichunguza mifereji ya namna hiyo, na mwaka 1987 mashua ya Marekani iliyoshinda kombe la America's Cup ilikuwa imebandikwa karatasi yenye mifereji hiyo. Tangu 2022 shirika la ndege la Uswisi hutumia karatasi kama hiyo kwenye ndege zake za Boeing 777. Vijimatuta vyake vina kimo cha takriban sehemu 50 za milioni ya mita, na akiba ya mafuta ni kama asilimia 1. Usiidharau asilimia hiyo. Ndege ya ukubwa huo huchoma takriban tani 7 kwa saa, kwa hiyo safari ya saa 10 inaokoa kama kilo 700.

Lakini mifereji haizuii msukosuko; hupunguza tu msuguano wa hewa iliyokwisha kuvurugika. Wazo lililo jipya zaidi linarudi kwa mawimbi yenyewe. Mwaka 2015 Mahmoud Hussein na Sedat Biringen wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, pamoja na wenzao, walichapisha hesabu za nyenzo inayowekwa chini ya uso, iliyopangwa kwa matabaka ya plastiki na alumini yanayopishana. Mpangilio unaojirudia namna hiyo huchagua mitetemo: mingine huipitisha, mingine huirudisha.

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma anapoondoka, anazidi kupaa. Ukimsukuma anapokujia, unampunguza mwendo, ingawa nguvu ni ile ile. Wimbi la hewa au maji linapopita juu ya uso, shinikizo lake huugusa na mtetemo ukashuka ndani ya nyenzo. Nyenzo ikiwa imesanifiwa vizuri, mtetemo unarudi juu kwa wakati unaolipinga wimbi, nalo linadhoofika. Haihitaji mota wala umeme. Ukibadilisha usanifu, uso ule ule unaweza kulikuza wimbi, na hilo nalo lina faida yake: mpira wa gofu una vishimo kwa sababu msukosuko kidogo hufanya hewa iushike vizuri zaidi, na hivyo huenda mbali kuliko mpira laini.

Hesabu zile za 2015 zilihusu maji kwenye mfereji. Kuzileta hewani ndipo kazi ya mtafiti wa uzamifu ilipo, na si kazi nyepesi. Hewa ni nyepesi mno ikilinganishwa na chuma au plastiki, kwa hiyo shinikizo la wimbi changa huusogeza uso kidogo sana. Mtafiti husanifu kwenye kompyuta, hutengeneza kipande, hukipeleka kwenye handaki la upepo, hupima, hugundua kwamba wimbi alilolilenga limedhoofika huku la jirani likikua, kisha huanza upya. Wimbi halisi haliji peke yake.

Wanafunzi wa sekondari wanaotafuta mada ya maonyesho ya sayansi wanaweza kuanza na ile koili: pima kimo ambapo moshi unavunjika, halafu upime tena redio ikipiga sauti nene karibu nayo. Kilichobaki ni Fizikia na Hisabati.

Na kuna kikwazo kimoja ambacho kompyuta hukisahau kwa urahisi. Mdudu mmoja akigandia kwenye ukingo wa mbele wa bawa wakati ndege inaruka, hewa iliyo nyuma yake huvurugika hapo hapo, hata kama nyenzo iliyo chini imesanifiwa kwa ustadi gani. Baadhi ya watafiti sasa wanashughulikia mipako isiyogandiwa na wadudu.